Bolti ya Bunduki Ikipata Ufa: Namna ya Kuutafuta na la Kufanya Ukiupata

Bolti ya bunduki ya kuwindia au ya shabaha, yaani kipande cha chuma kinachoteleza na kuifunga kwa nyuma chemba inapokaa risasi, ikishaonekana ina ufa, bunduki hiyo haifyatuliwi tena, hata risasi moja ya kujaribu, mpaka ifungwe bolti nyingine na ipimwe. Ufa wa bolti hauzibwi na hauchomelewi. Mwongozo huu ni kwa wamiliki wenye leseni walioko Mwanza na pembezoni mwa ziwa, kuanzia Magu hadi Sengerema na visiwani Ukerewe. Huku unyevu ni mwingi na fundi wa silaha yuko mbali, kwa hiyo ufa mdogo huachwa ukakua bila mtu kuutazama.

Mzigo unaobebwa na bolti

Kwa viwango vya Ulaya vya C.I.P., tume ya kimataifa ya upimaji wa silaha ndogo, kikomo cha shinikizo la risasi ya .303 British ni bar 3,650. Cha .308 Winchester ni bar 4,150, na cha .375 H&H Magnum, ambayo wengi huibeba wakifuata nyati, ni bar 4,300. Tairi la gari dogo lina bar mbili na kidogo. Shinikizo hilo likisukuma kitako cha ganda, bolti ya .308 hupokea zaidi ya tani tatu, na ya .375 takribani tani nne, kwa muda wa sehemu moja au mbili kati ya elfu za sekunde.

Kwenye bunduki za mtindo wa Mauser 98, na nyingi zilizoiga umbo lake, mzigo wote huo huishia kwenye meno mawili ya kufungia yaliyo mbele ya bolti. Mauser 98 ina jino la tatu nyuma, karibu na mpini, lakini hilo ni la akiba na kwa kawaida halibebi kitu. Lee-Enfield ni tofauti: meno yake yako nyuma na kichwa cha bolti ni kipande cha kufungua kwa kuzungusha. Jua kwanza bunduki yako ni ya aina gani, maana ufa hufuata njia ya mzigo.

Sehemu za kutazama, kwa mpangilio wa hatari yake: shina la kila jino la kufungia, hasa kona ya nyuma ambapo jino linakutana na mwili wa bolti, uso wa bolti kuzunguka tundu la pini ya kupigia, mkato wa kucha ya kuvuta ganda na tundu la kitupio kinachorusha ganda nje, kingo za matundu ya kutolea gesi, mkato wa nyuma unaokoki pini (kuivuta nyuma tayari kupiga), na mwisho shina la mpini. Kwenye Mauser 98 tazama zaidi jino la kushoto. Limepasuliwa katikati ili kitupio cha ganda kipite, kwa hiyo lina chuma kidogo kuliko mwenzake.

Kwa nini chuma kinapasuka

Sababu inayokutwa mara nyingi ni meno kutogusa sawa. Jino moja likigusa na jingine likaning'inia, tani tatu zinabebwa na jino moja. Kila risasi huchosha kona ileile, mpaka unaanza unywele wa ufa usioonekana kwa macho.

Ya pili ni mafuta au maji ndani ya chemba. Ganda la shaba likilipuka hutanuka na kuzing'ang'ania kuta za chemba, na kung'ang'ania huko huchukua sehemu ya mzigo. Kuta zikiwa na mafuta au risasi ikiwa imelowa, ganda huteleza na mzigo wote hurudi kwenye bolti. Huku kwetu jambo hili ni la kila msimu: mvua za masika, mawimbi yanayorusha maji ndani ya mtumbwi, na mtu aliyemimina mafuta chembani akiogopa kutu kisha akasahau kuyafuta kabla ya kupiga.

Ya tatu ni risasi zenye shinikizo la kupita kiasi. Risasi zilizojazwa upya kwa kukisia zimo, na vilevile risasi nzuri za kiwandani zilizoachwa juu ya dashibodi ya gari juani. Baruti yenye joto hupandisha shinikizo. Sanduku la risasi likae kivulini.

Halafu kuna kutu. Shimo dogo la kutu kwenye shina la jino ni mahali tayari pa ufa kuanzia. Anayejaribu kuitoa kutu hiyo kwa asidi ya betri anaharibu zaidi, kwa sababu asidi huingiza hidrojeni ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike ghafla bila kupinda. Bolti iliyowahi kulowekwa kwenye asidi, au kupakwa kromu mahali pasipo na tanuri la kuitoa hidrojeni hiyo, ichukuliwe kuwa mbovu hata kama inang'aa.

Mwisho ni chuma kilichopikwa vibaya tangu kiwandani. Mfano unaojulikana sana ni Springfield M1903 za Marekani za namba za mwanzo: zilizo chini ya 800,000 kutoka Springfield Armory na chini ya 285,507 kutoka Rock Island. Mafundi walikadiria joto la chuma kwa kutazama rangi yake kwa macho. Siku ya jua kali rangi huonekana hafifu, siku ya mawingu huonekana kali, na vipande vingi viliunguzwa. Baadhi ya bunduki hizo zilipasuka zikiwa mikononi mwa watu, na utaratibu ukabadilishwa kwa kufunga vipimajoto. Kumbuka habari hii fundi wa mtaani atakapokuambia anaweza kukuchomelea jino.

Dalili kabla hujaona ufa

Mpini unakuwa mgumu kuinuka baada ya kufyatua, ingawa risasi ni zilezile. Huenda meno yamechimba kibonde kwenye makao yake ndani ya resiva, yaani chuma kinachoshika mtutu na ambamo bolti huteleza, na sasa yanalazimika kupanda ili yatoke. Ganda lililotumika lina mstari unaong'aa kulizunguka karibu na kitako: limevutwa, maana yake bolti imerudi nyuma kuliko inavyotakiwa. Fataki, yaani kidonge cha kuwasha baruti kilicho kwenye kitako cha ganda, imebonyea bapa hadi kingo zake zimejaa kwenye kishimo chake, au imetoboka na kuacha duara la weusi kwenye uso wa bolti. Risasi zilizokuwa zinakusanyika zinaanza kutawanyika bila sababu nyingine. Dalili moja kati ya hizi inatosha kuitoa bolti na kuipima.

Kuifungua

Elekeza mtutu mahali salama, toa magazini, vuta bolti nyuma, kisha tazama chembani kwa macho na uguse kwa kidole. Risasi zote zitoke kwenye chumba hicho. Vaa miwani ya kazi, kwa sababu springi ya pini ya kupigia ina nguvu ya kutoboa jicho.

Kwa Mauser 98 ya kawaida: koki bolti, simamisha kilinzi cha sefti wima katikati, vuta kizuizi kilicho ubavuni kushoto na utoe bolti. Bonyeza kitufe kilicho kwenye kofia ya nyuma, zungusha kofia kinyume cha saa mpaka itoke na pini yake. Simamisha ncha ya pini juu ya ubao mgumu, sukuma kofia chini kwa mikono miwili, zungusha kipande cha kukoki robo mzunguko, kiinue, halafu iachie springi polepole. Kucha ya kuvuta ganda izungushwe mpaka iache mfereji wake, kisha isukumwe mbele. Usiruke hatua hii ya kucha, kwa sababu chini yake ndipo ufa unapojificha. Bunduki za mitindo mingine zina njia zake. Fuata kitabu cha kiwanda chake.

Kupima ufa

Usipige msasa wala brashi ya waya ya umeme kabla ya kupima. Vyote viwili huburuta chuma laini cha juu na kufunika mdomo wa ufa. Osha kwa petroli au thina nje ya nyumba, mbali na jiko na sigara, tumia mswaki, kisha malizia kwa asetoni na uache dakika kumi ikauke kabisa.

Tazama kwanza kwa lenzi ya kukuza mara kumi, ukimulika tochi kutoka ubavuni ili ufa utupe kivuli. Alama za mashine huenda sambamba na ni nyingi. Ufa huwa peke yake, hujipinda, na karibu kila mara huanzia kwenye kona au ukingo wa tundu.

Baada ya hapo tumia dawa ya kupimia nyufa. Huja kwa makopo matatu: kisafishio, rangi nyekundu ya kupenya, na kiletaji cheupe. Ndiyo hiyo wanayotumia wakaguzi wa mabomba na mafundi wa vichwa vya injini, kwa hiyo anza kuulizia kwenye maduka ya vifaa vya kuchomelea. Bolti iwe na joto la kati ya nyuzi 10 na 50. Ndani ya chumba hapa Mwanza hilo si tatizo, ila usiiweke juani: chuma kitapata moto na rangi itakauka kabla ya kupenya.

Pulizia nyekundu mpaka bolti yote ilowe, na acha dakika 20. Ikianza kukauka ongeza. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kitambaa kilicholowa kisafishio kidogo. Usipulizie kisafishio moja kwa moja kwenye bolti, utaitoa rangi iliyo ndani ya ufa, na hilo ndilo kosa linalofanya bolti mbovu ipite. Pulizia kiletaji cheupe kutoka umbali wa sentimita 25 hivi, tabaka jembamba ambalo chuma bado kinaonekana kidogo chini yake. Anza kutazama papo hapo, kwa kuwa ufa mpana hutoa rangi haraka na baadaye hutapakaa mpaka hujui ulianzia wapi. Endelea kutazama kwa dakika kumi hadi thelathini.

Mstari mwekundu mwembamba kwenye shina la jino ni ufa. Vitone vilivyopangana kwa mstari ni ufa pia, ila umebana. Doa la duara peke yake kwa kawaida ni shimo la kutu. Viungo vya kweli, kama pini inayoshika kitupio, vitatoa rangi kila mara, na hiyo si hitilafu.

Visiwani ambako dawa hii haipatikani kuna njia ya zamani. Loweka bolti kwenye mafuta ya taa usiku kucha, ifute iwe kavu kabisa, ipake unga wa chaki uliochanganywa na spiriti, isubiri ikauke, kisha igonge kidogo kwa kipande cha mbao. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatalowesha chaki. Njia hii hukamata nyufa kubwa. Isipoonyesha kitu, bado hujathibitisha kuwa bolti ni nzima. Ukikusudia kutumia dawa nyekundu, itangulize, maana mafuta ya taa yakishajaa ndani ya ufa rangi haipati pa kuingia.

Ukiupata

Ufa kwenye jino la kufungia, kwenye uso au kwenye mwili wa bolti: bolti hiyo imekwisha. Haijalishi ni milimita mbili tu. Kwenye bolti kama za Mauser 98 meno yamegumishwa kwa tabaka la nje, ndani yakaachwa yana unyumbufu, na mpangilio huo ulipatikana kwenye tanuri lenye kipimo. Moto wa kuchomelea huyeyusha chuma pale unapogusa na kuulegeza ugumu wa eneo linalozunguka. Jino lililochomelewa linaweza kuonekana zuri kuliko jipya na likakatika kwa risasi ya kwanza. Fundi mchomeleaji hodari wa rejeta na fremu za pikipiki anastahili heshima yake kwenye kazi hizo, ila hii usimpelekee.

Mpini una hukumu tofauti. Bunduki kama Remington 700 mpini wake umeunganishwa kwa kulehemu kwa fedha, na ukibanduka fundi wa silaha anaweza kuurudisha akiwa na kizuizi cha joto ili mkato wa kukoki usilegee. Mpini uliofuliwa pamoja na bolti na ukapasuka shinani, badilisha bolti nzima. Kucha ya kuvuta ganda, pini ya kupigia, springi na kofia ya nyuma hubadilishwa peke yake. Kichwa cha bolti cha Lee-Enfield No. 4 nacho hubadilishwa peke yake. Vilitengenezwa vyenye namba 0 hadi 3 kwa urefu tofauti.

Kabla ya kutafuta bolti mpya, mulika ndani ya resiva. Kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu, ambayo mafundi wa magari wanayo, inafika hadi kwenye makao ya meno. Ukiona ufa kwenye resiva, bunduki yote imefika mwisho. Ukiona vibonde pale meno yanapokaa, bolti mpya peke yake haitasaidia. Tazama pia kama mtutu umevimba mahali.

Na sababu itafutwe wakati huohuo. Bolti mpya ikipewa risasi zilezile zenye shinikizo kubwa, au makao yaleyale yaliyopinda, itafuata njia ya mwenzake.

Bolti mpya haichomekwi tu

Hata bolti mbili za kiwanda kimoja hutofautiana kwa sehemu za mia za milimita, na hapo ndipo usalama ulipo. Usiazime bolti ya jirani kwa sababu inaingia. Kinachopimwa ni nafasi ya ganda, yaani umbali kutoka uso wa bolti hadi pale chembani panapozuia ganda lisiingie zaidi. Fundi hutumia vipimo vya chuma vilivyoandikwa GO na NO-GO. Kwa .308 Winchester, GO ni milimita 41.40 na NO-GO ni 41.50. Bolti ikiwa imevuliwa pini, kucha na kitupio, ifungwe kwa nguvu ya kidole tu: ifunge juu ya GO, ikatae juu ya NO-GO. Tofauti ni unene wa karatasi ya kawaida, kwa hiyo ukiilazimisha kwa kiganja kipimo hakina maana.

Kisha meno yapakwe wino wa kalamu ya maka upande wa nyuma, bolti ifungwe na kufunguliwa mara kadhaa huku ikisukumwa kurudi nyuma. Wino ufutike kwenye meno yote mawili, angalau nusu ya uso wa kila moja. Likigusa moja tu, fundi anaweza kuyasaga kidogo kwa dawa ya kusagia. Lakini kila anachotoa kinaongeza nafasi ya ganda kwa kiasi hichohicho, na tabaka gumu ni jembamba, hivyo asagaye kwa mkono mzito ataharibu bolti ambayo haijapiga risasi hata moja. Pini ya kupigia itokeze milimita 1.4 hadi 1.6. Ikizidi, hutoboa fataki.

Risasi za kwanza zipigwe bunduki ikiwa imefungwa kwenye stendi ya majaribio, kifyatulio kikivutwa kwa kamba na mtu akiwa nyuma ya kizuizi, kwa risasi za kiwandani za kawaida. Maganda yapimwe na kutazamwa, halafu meno yapimwe tena kwa dawa nyekundu.

Kazi hii ni ya fundi wa silaha mwenye leseni. Kwa Tanzania umiliki na utunzaji wa bunduki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni hupitia Jeshi la Polisi. Kabla ya kuagiza bolti, kuisafirisha au kuitupa ile mbovu, nenda kituo cha polisi kinachoshughulikia leseni yako ueleze na uombe utaratibu kwa maandishi. Bunduki isafiri na bolti yake ikiwa pembeni, bila risasi, pamoja na hati zako, na isilale kwenye karakana isiyo na ruhusa hiyo.

Ikitokea porini

Bolti ikikwama imefungwa baada ya kufyatua, weka mtutu mahali salama na usubiri dakika nzima, maana fataki inaweza kuchelewa. Usigonge mpini kwa jiwe wala shoka. Mpini ukikatika na risasi nzima imo chembani, weka sefti, laza bunduki ikielekea kwenye tuta la udongo, ondoa watu mbele na nyuma yake, mtu mmoja abaki kuilinda kwa mbali, na mwite fundi au polisi waje pale ilipo. Usiipakie kwenye gari wala boti ikiwa na risasi ndani.

Kuitunza karibu na ziwa

Ukirudi kutoka ziwani au mvuani, toa bolti siku hiyohiyo, ifute, ikauke, ipake filamu nyembamba ya mafuta. Usiihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi au turubai; huvuta unyevu na kuubakiza. Weka vifuko vya kukaushia ndani ya kabati la silaha na uvibadilishe kila masika na vuli. Tone la grisi lenye ukubwa wa kichwa cha kiberiti lipakwe nyuma ya kila jino, si usoni mwa bolti. Kabla ya kuingiza risasi, pitisha kitambaa kikavu chembani, na risasi iliyolowa ifutwe au iachwe.